Sikoseli: Usiuze ng'ombe kwa tiba ya kwenye simu, mpime mtoto kwanza

Huenda umetumiwa ujumbe kuwa wataalamu sasa wanafundisha seli za kinga kuwinda seli zilizozeeka, na kwamba magonjwa yote ya damu yatapona. Mzazi wa Kahama au Geita mwenye mtoto wa sikoseli anaweza kuuza ng'ombe au kiwanja kwa habari hiyo. Soma hapa kwanza.

Mbinu hiyo ni ya kweli. Seli za kinga hutolewa kwenye damu ya mgonjwa, hubadilishwa maabara ili zimtambue adui, kisha hurudishwa mwilini. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo, kwa saratani ya damu ya watoto. Mwaka 2020 watafiti wa huko walizielekeza kwenye seli zilizozeeka, lakini kwa panya. Hiyo si tiba ya sikoseli.

Sikoseli hurithiwa. Baba na mama wakiwa wamebeba kinasaba chake, hata kama wao ni wazima, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Utafiti wa Kanda ya Ziwa uliochapishwa 2018 ulionyesha takriban mtoto mchanga 1 kati ya 5 amebeba kinasaba hicho. Si uchawi, wala si kosa la mama.

Tiba ya kuponya ipo hapa nchini: kupandikiza uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wa sikoseli mwaka 2023. Lakini lazima apatikane mchangiaji anayelingana, mara nyingi ndugu wa baba na mama mmoja.

Kwa watoto wengi, msaada mkubwa ni dawa ya haidroksiurea. Utafiti wa 2019 uliohusisha Kenya na Uganda ulionyesha inapunguza maumivu, malaria na vifo. Ongeza penisilini hadi miaka mitano, chanjo, maji ya kutosha na chandarua.

Mtoto akivimba vidole vya mikono na miguu, akiwa na macho ya njano au akiishiwa damu mara kwa mara, omba apimwe sikoseli. Kwa mwenye ugonjwa, homa, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla au mkono kulegea ni dharura. Usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali.