Mzaha mzaha hutumbuka usaha: Dhana za kikabila katika vichekesho vya runinga

MTAZAMAJI wa vichekesho vya runinga humu nchini hahitaji kutambulishwa wahusika. Bawabu akifungua kinywa kwa lafudhi ya magharibi mwa nchi, kicheko huzuka. Akiingia mchuuzi mwenye lafudhi ya Mlima Kenya, hadhira hujua kwamba muda si muda ataulizia pesa. Mhusika wa Pwani naye aghalabu huletwa akiwa amejinyosha mkekani. Hakuna aliyetamka la kuchekesha bado. Kinachochekwa ni kabila.

Huku ndiko kuwavisha watu wa jamii nzima sifa moja kana kwamba ni sare. Waandishi wa vichekesho huipenda mbinu hii kwa sababu ya uhaba wa muda. Kipindi cha nusu saa, baada ya kuondoa matangazo ya biashara, hubaki na dakika zipatazo 25 tu. Kumjenga mhusika mwenye nafsi kamili huchukua muda. Lafudhi humtambulisha kwa sekunde moja.

Tabia hii haikuanzia kwetu. Kati ya 1977 na 1979, runinga ya ITV nchini Uingereza ilionyesha Mind Your Language, kipindi kuhusu wageni waliokuwa wakijifunza Kiingereza katika darasa la jioni jijini London. Mfaransa alikuwa mrembo wa kutongoza wanaume, Mjerumani mkali asiye na mzaha, naye Mchina hakuchoka kumnukuu Mao. Kipindi kilipendwa, lakini Michael Grade, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa kituo kilichokitayarisha, alikiona kuwa cha kudhalilisha, kikasitishwa.

Wapo wanaodai kwamba kuidhihaki chuki hadharani huiponya. Dai hilo liliwahi kupimwa. Mnamo 1971 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kuonyesha All in the Family, ambamo Archie Bunker, mzee mwenye ubaguzi, alichorwa ili watu wauone upumbavu wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1974, Neil Vidmar na Milton Rokeach walibaini kwamba watazamaji wenye chuki walielekea kumwona Archie kuwa mwenzao, tena mshindi wa mabishano. Wasio na chuki waliona akikejeliwa. Kumbe kioo ni kimoja, ila kila mtu hujiona alivyo.

Huenda msomaji akauliza: je, mbona Waafrika tumetaniana tangu jadi? Ni kweli. Nchini Tanzania utani baina ya makabila, kama vile Wanyamwezi na Wazaramo, ni desturi yenye heshima. Mtani hukutania hata msibani nawe ukanyamaza. Hata hivyo, utani una masharti: watani hujuana, hukutana ana kwa ana, na anayetaniwa leo ana haki ya kulipiza kesho. Runinga haina masharti hayo. Anayedhihakiwa huketi sebuleni, hana pa kujibia, nao wanawe wanasikiliza.

Hii haina maana kwamba lafudhi ipigwe marufuku. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, lakini kwa miaka mingi aliigiza katika Vitimbi kwenye KBC akiwa Mzee Ojwang', kwa lafudhi ya Kijaluo. Alipendwa kote nchini. Ojwang' hakuwa lafudhi tu. Alikuwa mume wa Mama Kayai, mjanja aliyenaswa na ujanja wake mwenyewe, mwenye majivuno na woga kama sisi sote. Vivyo hivyo, marehemu Charles Bukeko katika Papa Shirandula aliigiza bawabu aliyemficha mkewe kazi yake halisi. Ubawabu wa Mluhya ni dhana kongwe, lakini kiini cha kicheko kilikuwa aibu ya mwanamume anayeogopa kudharauliwa nyumbani kwake. Aibu hiyo haina kabila.

Kwetu Kenya jambo hili si la burudani pekee. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa kwa mujibu wa Tume ya Waki. Kwenye vizuizi vya barabarani vitambulisho vilikaguliwa ili jina limfichue mtu kabila lake. Si haki kusema kwamba vichekesho viliua. Lakini aliyezoeshwa kila wiki kumwona jirani kama sifa moja tu, hana kazi kubwa ya kumwona kama adui mmoja tu.

Ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilifanya chuki na dharau za kikabila kuwa makosa, nacho Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kikaweka wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusu matamshi ya chuki. Hata hivyo, sheria haiwezi kuketi katika kila chumba cha mwandishi.

Kipimo kilicho karibu ni chepesi. Mwondolee mhusika kabila lake, kisha uone kama kisa bado kinachekesha. Kikichekesha, mwandishi amefanya kazi yake. Kisipochekesha, amekopa kicheko kwa jina la jamii ya watu, na deni hilo hulipwa na wasioalikwa kwenye mzaha.