Mparachichi Unaonyauka Ilhali Udongo Una Maji

Katika vigango vingi vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Njombe hadi Rungwe, mparachichi umekuwa tegemeo la familia: ndio ada ya shule, ndio gharama ya matibabu. Kwa hiyo tunapouona mti ukinyauka, huharakisha mioyo yetu kudhani kwamba una kiu, nasi huuongezea maji. Wapendwa wasomaji, huenda kwa kufanya hivyo tunauzika upesi zaidi.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni kuoza kwa mizizi. Kisababishi chake ni kiumbe kidogo cha udongoni kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutokana na midalasini ya Sumatra. Jina Phytophthora lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni mharibifu wa mimea. Wengi hukiita kuvu, lakini si kuvu halisi. Kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Ndiyo sababu dawa kadhaa za kuua kuvu hazikidhuru.

Nguvu yake imo katika maji. Udongo ukituamisha maji, kiumbe hiki hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, ambavyo huogelea hadi kwenye ncha za mizizi, hujishikiza na kupenya. Mizizi midogo inayofyonza maji, ambayo kwa kawaida ina weupe wa maziwa, huwa myeusi na kukatika kirahisi. Majani huwa madogo na kupauka, matawi hukauka kuanzia nchani. Mti umesimama penye maji, nao unakufa kwa kiu, kwa maana hauna tena cha kunywea.

Basi, kabla ya kumwagilia, tufukue kidogo chini ya mti na kuitazama mizizi yake.

Ugonjwa ukishaingia shambani ni vigumu mno kuuondoa, kwa kuwa vijimbegu vyake vingine hulala udongoni kwa miaka. Zipo dawa za kundi la fosfonati zinazousaidia mti kujikinga, nazo zitumike kwa ushauri wa afisa ugani. Lakini kinga kuu hutangulia upandaji: tuepuke mabonde yanayotuama maji, tupande juu ya matuta, tuchimbe mitaro, tutandaze nyasi na mboji bila kuzilundika shinani, na tusafishe majembe na viatu tutokapo katika shamba lenye ugonjwa.

Limebaki jambo moja linalogusa dhamiri. Mche waweza kuwa na majani mabichi ya kupendeza, kumbe udongo wa kiriba chake umebeba ugonjwa. Mnunuzi hataona chochote siku ile. Ataona baada ya miaka, akiwa amekwisha kutumia akiba yake. Kwa hiyo wenye vitalu, zikiwemo jumuiya na parokia zetu, wana wajibu wa kutumia udongo safi, kuinua viriba juu ya ardhi yenye matope, na kuteketeza miche inayoshukiwa badala ya kuiuza kwa bei ya chini. Auzaye mche anaoujua kuwa mgonjwa amemwuzia jirani yake hasara, tena ameiharibu ardhi ambayo watoto wa jirani huyo watairithi.