Deni la Nyumba na Samaki wa Matema

Nyumbani kwetu Kyimo, elfu kumi ya raha bei yake ni karibu elfu ishirini. Sitanii. Nafundisha hisabati shule ya msingi, na hesabu hiyo nimeipiga kwenye daftari lile lile ninaloandalia masomo. Tuna mkopo wa nyumba, na mwenye mkopo wa nyumba kila shilingi anayoitumia kwa starehe inakula mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili benki. Hata hivyo raha hatukuiacha. Tulichofanya ni kuiuliza bei kwanza.

Wengi huku hawakopi kujenga, nami siwalaumu. Mtu anafyatua tofali mwaka huu, anachoma mwaka ujao, anamwaga msingi akiuza ndizi, anasubiri msimu wa parachichi apaue. Kwingine njia hiyo ni salama. Huku kwetu Rungwe kuna mvua. Mvua yetu hainyeshi ikaondoka, inahamia. Boma lisilo na bati likikaa masika mawili, udongo kati ya tofali unalainika, mbao za kenchi ulizonunua mapema zinaota ukungu, na saruji iliyobaki stoo inaganda ndani ya mfuko. Jirani yangu mmoja amejenga ukuta wa upande wa magharibi mara mbili, na mara zote mbili kwa fedha yake mwenyewe isiyo na riba. Ukiyajumlisha hayo, kujenga kidogo kidogo nako kuna riba yake, ila hakuna anayekuandikia risiti.

Sisi tulikuwa na kiwanja kilichopimwa chenye hati, na hapo ndipo mlango wa benki ulipofunguka. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini inashikwa kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na benki nyingi zinasita kuikubali kuwa dhamana ya mkopo wa miaka kumi. Ndiyo maana ukisikia mtumishi wa huku anasema ana mkopo wa nyumba, mara nyingi ni mkopo wa mshahara aliougeuza tofali na bati. Wetu ni mkopo wa nyumba hasa: hati iko benki, na mume wangu alisaini kuridhia, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke au mume wa msomaji wangu asiseme hakujua.

Mikopo ya aina hii ni michanga nchini. Benki ya Nyumba ya zamani, THB, ilifungwa 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na pa kwenda. Mambo yalianza kurudi ilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, na 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kukopesha wajenzi. Riba iliyokuwa inapita asilimia 20 imeshuka. Leo mikopo mingi ya nyumba iko kati ya asilimia 13 na 19. Imeshuka, lakini bado ni kali, na ukali huo ndio unaobadilisha hesabu yote.

Chukua mkopo wa milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba inayopungua kadiri deni linavyopungua, kwa miaka 10. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 335,000. Ukimaliza utakuwa umelipa milioni 40 na kidogo. Nyumba moja, bei ya mbili.

Linaloumiza zaidi limo ndani ya jedwali la marejesho, ile karatasi ambayo wengi tunaikunja na kuitia kwenye bahasha. Katika rejesho la kwanza la 335,000, shilingi 266,667 ni riba. Kinachopunguza deni lenyewe ni elfu 68 tu. Mwaka wa kwanza ukiisha umelipa zaidi ya milioni nne, na deni limeshuka kwa takriban laki tisa. Baada ya miaka minne umetoa milioni 16, bado unadaiwa milioni 15 na laki nne. Benki haijakuibia. Riba inatozwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote.

Hapo ndipo kuwahi kulipa kunapokuwa na nguvu. Ukiongeza elfu 50 kila mwezi juu ya rejesho, mkopo wa miaka 10 unaisha kwa miaka saba na miezi mitano, na unaokoa karibu milioni sita. Ukiongeza elfu 40, ile elfu 10 ukaiweka kwa ajili ya kujipongeza, mkopo unaisha miezi mitano baadaye na unalipa riba ya ziada kama laki nane na nusu. Katika muda huo raha yenyewe imekula kama laki tisa na nusu. Ndiyo maana nikasema elfu kumi bei yake ni karibu elfu ishirini.

Sasa mtu atauliza: mwalimu, kama unalijua hilo, hiyo elfu kumi ya kwenda kula samaki ni ya nini?

Kwa sababu nimewaona waliokaza mno. Kwenye chumba cha walimu tunafahamiana mpaka makato ya kila mmoja. Mwenzetu mmoja aliapa kumaliza mkopo kwa nusu ya muda. Akakata kila kitu: nyama, nguo za watoto za Krismasi, hata chai ya kazini alikuwa anabeba kwenye chupa. Mwaka wa pili nyumbani kwake pakawa hapakaliki. Likaja tangazo la topapu, yaani benki inakuongezea mkopo juu ya ule uliopo na kukurudisha mwanzo wa safari. Akachukua. Fedha ile ikaisha kwa televisheni kubwa, makochi, na harusi ya mdogo wake. Jedwali jipya likaanza tena na riba juu na deni chini, na miaka miwili ya kujinyima ikawa kama haikuwahi kuwepo. Wengine wakikaukiwa hawafiki hata benki. Wanaishia kwenye mikopo ya kausha damu, ambako kadi ya benki inashikwa na riba ya mwezi mmoja inakaribia ya mwaka mzima kwetu.

Kwa hiyo kwetu elfu kumi ni sehemu ya marejesho. Inaingia kwenye kibubu siku ile ile mshahara unapoingia, haisubiri kinachobaki, maana hakibaki. Kibubu ni cha mbao, kimepigiliwa misumari, mtoto wetu wa mwisho ndiye mlinzi wake na ana ukali wa askari. Hakifunguliwi kwa kisingizio. Michango ya harusi na misiba haitoki humo. Hiyo ina fungu lake, na yeyote aliyeishi Unyakyusa anajua kwamba msiba si jambo la kupanga. Naomba tusiuite mchango wa harusi starehe. Ile ni kodi, ila unapewa soda.

Kibubu kinafunguliwa likizo ya Juni, na tunateremka Matema. Kutoka baridi ya Kyimo unakwenda ukivua masweta njiani: Tukuyu, kisha mteremko mpaka mashamba ya mpunga ya Kyela, Ipinda, halafu ziwa. Tunapenda Jumamosi kwa sababu ya gulio la Lyulilo, kando ya Matema, ambako Wakisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka upande wa pili wa ghuba, vimepangwa kwa ukubwa na kufungwa kwa majani makavu. Mama mkwe huniagiza chungu kimoja kila mara, ingawa ndiye huyo huyo aliyetuuliza safari ya kwanza, “Mwanangu, dari bado, nanyi mnakwenda kula samaki?” Nikamwambia, “Mama, samaki yumo kwenye hesabu.” Akacheka, akasema basi nimletee na mbasa. Mbasa wa kuchoma ufukweni, na wali wa Kyela, watoto wakiwa bado wamelowa, hapo sioni haja ya kutetea chochote. Tunarudi na mchanga kwenye viatu, na hakuna nyumbani anayezungumzia topapu mwaka mzima.

Kuna jambo moja ambalo kalamu ilinifundisha na ambalo silisikii likisemwa. Shilingi ya mwaka wa kwanza si sawa na ya mwaka wa saba. Katika mkopo ule wa mfano, milioni moja ya ziada ikilipwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza inakata karibu mwaka mzima wa marejesho na kuokoa riba ya karibu milioni mbili na laki tisa. Milioni hiyo hiyo ikilipwa mwishoni mwa mwaka wa saba inaokoa kama laki tano na elfu sabini. Kwa mkulima wa huku ambaye fedha yake inakuja kwa mafungu, mara parachichi zimevunwa, mara ndama ameuzwa, maana yake ni kwamba fungu kubwa la miaka ya mwanzo liende kwenye deni. Makochi yanaweza kungoja mwaka wa saba. Bei yake benki itakuwa imeshuka. Samaki wa watoto hawezi kungoja mwaka wa saba, kwa kuwa watoto wenyewe watakuwa bweni.

Kijana wangu wa kwanza, anayesoma uhasibu, aliwahi kuniambia kwamba wataalamu mtandaoni wanashauri usiharakishe kulipa mkopo wa nyumba, uwekeze. Ni kweli wanasema hivyo, lakini tazama wanazungumza na nani. Marekani mkopo wa nyumba wa kawaida ni wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, na mwaka 2020 na 2021 riba hiyo ilishuka chini ya asilimia 3. Ningekuwa na mkopo wa asilimia 3 nami nisingekimbia. Kwa asilimia 16, kila shilingi ninayopeleka kwenye deni inanipa faida ya asilimia 16 bila kubahatisha. Nionyeshe biashara ya ndizi inayotoa uhakika huo. Mume wangu anapeleka ndizi Dar es Salaam, na akisikia neno uhakika anatabasamu tu.

Angalizo moja tu: fedha ukishailipa kwenye mkopo hairudi. Huwezi kwenda kesho kuiomba mtoto akilazwa. Tulianza kwa kuweka akiba ya miezi kadhaa ya chakula na rejesho, ndipo tukaanza kuongeza. Anayelipa ziada huku hana hata laki moja pembeni anajitengenezea njia ya kwenda kwa kausha damu.

Kisha kuna kazi ya dirishani, na hapa wengi wanapotea. Mara ya kwanza nilipopeleka fedha ya ziada, binti wa dirishani aliniuliza, “Mwalimu, hii unaweka akiba au unalipa mkopo?” Nikamjibu nalipa mkopo. Akauliza tena, “Rejesho la mwezi ujao?” Swali dogo, lakini limebeba kila kitu. Ukisema ndiyo, fedha yako inaweza kukaa pale ikisubiri mwezi ujao na deni lisipungue hata senti. Niliomba kuonana na afisa mikopo, nikaandika barua mistari mitatu: fedha hii ipunguze deni la msingi, rejesho la mwezi libaki kama lilivyo, muda wa mkopo ufupishwe. Nikaomba nakala yenye muhuri. Mwezi uliofuata nikadai jedwali jipya nikalinganisha na la zamani kwa rula.

Nawe kabla ya kuongeza hata elfu tano, fungua mkataba wako utafute mambo mawili. La kwanza, aina ya riba. Ikiwa riba ilipigwa yote juu ya mkopo mzima tangu siku ya kwanza, hesabu zangu hizi hazikuhusu zote, na inabidi umuulize afisa utaokoa nini hasa ukiwahi. La pili, tozo ya kulipa kabla ya wakati. Mikataba mingine inayo, mingine haina; ikiwepo, itoe kwenye faida kabla hujafurahi.

Hesabu zenyewe hazihitaji shahada. Simu yenye intaneti inatosha, na mwalimu wa hisabati yupo karibu kila kijiji, wengi wetu hatuna makuu. Juma hili ukiteremka Tukuyu, pita benki uombe jedwali la marejesho yako, kaa nalo mezani na mwenzako, na pembeni ya kila mwezi andikeni viwango viwili: cha kuongeza kwenye deni, na cha kibubu. Cha kibubu kisiwe sifuri.