Muhuri wa zamani ungali unafungua mlango: hatari inayoingia kabla kompyuta haijaamka



Siku moja fundi alikuja kwenye biro yetu kutengeneza ordinatere iliyokuwa nzito. Alichomeka fleshi yake, mashini ikakataa kuwaka nayo. Hakusumbuka. Aliizima, akaiwasha tena huku akibonyeza F2, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akabadilisha mstari mmoja, kazi ikaendelea. Nilipomuuliza alizima nini, akanijibu: «Pasta, kile ni kitu cha kutuchelewesha tu.» Mstari ule unaitwa Secure Boot. Na ndani ya ordinatere ile mna majina ya waamini, hesabu za matoleo, na orodha ya jamaa za wakimbizi tuliowapokea. Basi nikaanza kusoma.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows au Linux haiamki yenyewe. Inaamka kwanza programu ndogo iliyo kwenye chipu ya mashini. Wengi bado wanaiita BIOS, ijapokuwa kwenye mashini za siku hizi ni UEFI. Hiyo inatafuta kwenye diski programu ya pili, ya kuwashia, ambayo mafundi wanaiita butiloda. Butiloda ndiyo inayoamsha mfumo wote na kuukabidhi mamlaka. Saa hiyo kinga ya virusi ingali usingizini. Mwovu akijipenyeza pale, kinga ikiamka inamkuta ameshakaa kitini, tena yeye ndiye anayeiambia nini cha kuona na nini cha kutoona.

Ndiyo sababu Secure Boot iliwekwa, na ikaenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Inafanya kazi kama barua ya uhamisho. Mkristo akihama kutoka Butembo kuja Goma, katibu wa parokia hamjui, lakini anaangalia muhuri wa parokia alikotoka. Vivyo hivyo UEFI inaangalia muhuri wa kidijitali juu ya butiloda. Muhuri ukijulikana, mara nyingi ule wa Microsoft, butiloda inapita. Linux nyingi pia zinapita kwa muhuri wa Microsoft, kupitia programu ndogo iitwayo shim, ambayo nayo inaishuhudia GRUB, butiloda ya Linux.

Tarehe 29 Julai 2020 wachunguzi wa kampuni ya Eclypsium walitangaza tundu ndani ya GRUB, wakaliita BootHole. GRUB inasoma faili ya maagizo iitwayo grub.cfg, na faili hiyo kwa kawaida haina muhuri. Mtu mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye mashini anaweza kuandika humo neno refu kupita nafasi iliyotengwa. Sehemu ya programu ilikuwa na ulinzi: neno likizidi, toa kilio cha hatari, na ilitegemea kwamba baada ya kilio hicho kazi yote itasimama. Lakini ndani ya GRUB kilio kiliandikwa kwenye skrini tu, kisha kazi ikaendelea. Mlinzi alipiga kelele akaacha mlango wazi. Neno refu likamwagika juu ya sehemu nyingine za kumbukumbu, na mshambuliaji akapata kuendesha programu yake mwenyewe chini ya muhuri halali.

Kosa lenyewe lilirekebishwa. Ugumu ulianzia hapo. Ikiwa parokia ilitoa barua kwa tapeli, kuandika barua mpya iliyo sahihi hakuiondoi ile ya zamani mfukoni mwake. GRUB yenye tundu ilibaki na muhuri wake, na mtu angeweza kuibeba mpaka kwenye mashini isiyo na Linux kabisa, maadamu mashini ile inautambua muhuri huo. Dawa ni orodha ya waliokataliwa, iitwayo dbx, inayokaa ndani ya UEFI. Lakini nafasi ya orodha hiyo ni ndogo, kwa kawaida kilobaiti 32 hivi, na BootHole peke yake ilikula karibu 10. Kwa hiyo wakabuni njia iitwayo SBAT: badala ya kuandika kila nakala mbaya, unaandika namba ya kizazi, na kila kilicho chini yake kinakataliwa. Hata kurekebisha kulikuwa na maumivu: masasisho ya kwanza ya Red Hat mwaka ule yaliziacha mashini kadhaa haziwaki kabisa.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wachunguzi. Machi 2023 kampuni ya ESET ilionyesha kirusi kiitwacho BlackLotus, kilichokuwa kikiuzwa kwa dola 5,000. Kiliweza kupita Secure Boot hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa yote. Tundu kilichotumia Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Januari 2022! Lakini nakala za zamani hazikuwa zimeingizwa kwenye orodha ya kukataliwa, basi kirusi kilikuja na nakala hizo chenyewe. Kikishaingia, kinazima BitLocker na Defender.

Tusiogope kupita kiasi. Mashambulizi haya hayaji kwa ujumbe wa WhatsApp peke yake: yanahitaji mamlaka ya msimamizi, au mashini yenyewe mkononi. Lakini sisi tunanunua mashini zilizotumika, tunaziacha kwa fundi siku tatu, na sekretari anafanya kazi kila siku kwa akaunti ya msimamizi. Hapo ndipo penye shida yetu.

Kwenye Windows, andika msinfo32 katika sehemu ya kutafuta, kisha angalia mstari unaotaja démarrage sécurisé. Ukionyesha kwamba haijawashwa, mwulize fundi sababu, na asiondoke bila kuirudisha. Mpe sekretari akaunti ya kawaida. Weka neno la siri kwenye mipangilio ya UEFI, na uliandike mahali ambapo mtu wa pili anapajua, maana makatibu wanahamishwa. Masasisho ya Windows na ya UEFI yapokelewe, lakini kwanza nakili data kwenye diski ya nje na tunza ufunguo wa BitLocker kama unautumia. Sasisho la UEFI lisifanywe wakati umeme unakatika-katika: likikatizwa katikati, mashini inaweza kufa. Betri iwe imejaa na waya uwe umechomekwa.

Jambo hili lina tarehe pia. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, vinavyobeba mihuri hii, vinaanza kwisha muda Juni 2026. Mashini isiyopokea vyeti vipya vya 2023 haitaacha kuwaka siku hiyo, ila haitaweza tena kupokea ulinzi mpya wa hatua hii ya kuwaka. Yetu tuliisasisha Jumamosi moja, jenereta ikiunguruma nje, na yule fundi mwenyewe ndiye aliyeturudishia mstari aliouzima.