Kubadilishana ng'ombe: Makubaliano ya mdomo hayatoshi

KUBADILISHANA ng'ombe, kwa mfano dume kwa mtamba, humwezesha mfugaji kupata mnyama anayemhitaji bila fedha taslimu. Hata hivyo, kwa wafugaji wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, makubaliano ya mdomo pekee huweza kuwaponza.

Kwanza ni alama. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa kusajili mifugo na kuitia alama. Ng'ombe aliyebadilishwa bila maandishi hubaki na alama ya mmiliki wa awali, na aliyempokea huweza kudhaniwa mwizi.

Pili ni maradhi. Mapori ya Biharamulo yana mbung'o waenezao nagana. Mnyama aliyekulia pasipo mbung'o huweza kudhoofika na kufa akihamishiwa huko, na ugomvi ukazuka.

Hivyo, kabla ya kukabidhiana, ng'ombe wote wawili wapimwe na mtaalamu wa mifugo. Rangi, umri, alama na nyongeza ya fedha, kama ipo, viandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi. Anayevuka wilaya aombe kwanza kibali cha kusafirisha mifugo.