Jikaze, Wewe ni Mwanaume!

Ndivyo tumwambiavyo mvulana aliyefiwa. Mwaka 1997 Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, alifuata jeneza la mama yake, Diana, akiwa na miaka 12. Akajikaza miaka mingi.

Mwaka 2016 yeye, kaka yake William, na Catherine mke wa William, walianzisha kampeni ya Heads Together, ili watu waseme wazi taabu za nafsi zao. Wakubwa huazima jina lao kwa mambo mengi, na jina ni rahisi kuazima. Lakini Aprili 2017 Harry alilifunulia gazeti moja siri yake: alikuwa amekataa kumfikiri mama yake, hata akakaribia kuzidiwa; alipofika miaka 28 ndipo akatafuta mshauri. Aliyemsihi sana ni kaka yake.