Habari Ipandayo na Amri Ishukayo Kazini

Suma ni kata ya Wilaya ya Rungwe, katika nyanda za juu ambako chai ni zao la miaka mingi. Mchumaji hodari huchuma majani mawili machanga pamoja na kichipukizi. Majani hayo, hata baada ya kuchumwa, huendelea kupumua na kutoa joto. Yakishindiliwa katika gunia, joto hukosa njia ya kutoka. Majani huanza kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani, na ubora wa chai hupungua.

Ni nani alionaye jambo hilo kwanza? Si meneja ofisini, bali mchumaji au mpakiaji, ambaye kiganja chake kimehisi joto la gunia. Habari hiyo yapaswa kupanda ngazi: kwa msimamizi, kwa mkuu wa shamba, ndipo imfikie meneja. Katika kila ngazi hupunguzwa makali, maana ni wachache wapendao kumpelekea mkubwa habari mbaya. Amri hushuka upesi. Mrejesho, yaani habari ya matokeo ya amri hiyo, hupanda polepole.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza desturi ya vijiji vya rika na thamani ya ukwangala, yaani wenye rika moja kula na kuzungumza pamoja. Kati ya walio sawa, neno hutoka kwa wepesi. Mbele ya mkubwa, heshima huufunga mdomo. Heshima ni njema, lakini gunia haliachi kupata joto kwa sababu mtu amenyamaza kwa adabu.

Ndiyo maana njia ya kupandishia habari sharti itengenezwe. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, nayo ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa 1971 ilikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Hata hivyo, kazi ya mabaraza ilikuwa kushauri tu. Uamuzi ulibaki kwa wakuu.

Baraza peke yake, basi, halitoshi. Asemaye sharti ajibiwe. Mfanyakazi aliyesema mara tatu bila jibu, mara ya nne hunyamaza. Na kimya chake, kikitazamwa kutoka juu, hudhaniwa kuwa ni amani.